Akiba ya Uzeeni ya Mtumishi wa Chama na Mahali pa Kuiweka

(Mazungumzo kwa makatibu, watumishi na wanachama wa vyama vya msingi, Mkoa wa Singida)



Katika kila chama cha msingi, tangu Kiomboi hadi Manyoni, na tangu Ikungi hadi Nduguti, yupo mtu ambaye msimu ukifika huwa wa kwanza kulifungua ghala na wa mwisho kulifunga. Huyo ndiye katibu, au karani wa mizani, au mtunza ghala. Alizeti, dengu na mbaazi za mamia ya wakulima hupita mikononi mwake, na kila gunia huandikwa daftarini kwa jina la mwenyewe. Lakini mtu huyo huyo akiulizwa atakula nini siku atakapokuwa hawezi tena kusimama mizanini kutwa nzima, mara nyingi hukaa kimya, ama hujibu kwamba Mungu atajalia.

Mungu hujalia, hapana shaka. Lakini wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na uzee nao una daftari lake. Mazungumzo haya yanahusu daftari hilo: fedha ya uzeeni ya mtumishi hutoka wapi, nani huamua iwekwe wapi, na pale mtumishi mwenyewe anapoachiwa hiari ya kuchagua, achague kwa kutazama nini.

Sehemu ya lazima na sehemu ya hiari

Yafaa kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Akiba ya uzeeni ya mtumishi ina sehemu ya lazima na sehemu ya hiari.

Sehemu ya lazima ina historia ndefu. Mwaka 1964 ulianzishwa Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, uliojulikana kwa herufi za NPF. Mfanyakazi alikatwa sehemu ya mshahara, mwajiri akaongeza yake, na mfanyakazi alipostaafu alilipwa jumla yote kwa mkupuo. Mwaka 1997 Bunge lilipitisha sheria iliyougeuza mfuko huo kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, unaolipa pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa ikawa mfuko mmoja, PSSSF, na NSSF ikabaki na watumishi wa sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri wenyewe. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo mwajiriwa mpya aliweza kuchagua mfuko wa kujiunga nao, na mawakala wa mifuko walipita maofisini wakimshawishi. Hiari hiyo haipo tena. Mtumishi wa chama cha msingi, ambaye mwajiri wake ni wakulima wenyewe, mahali pake ni NSSF.

Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mtumishi hapaswi kukatwa zaidi ya asilimia 10. Inayobaki ni juu ya mwajiri. Ili mtumishi apate pensheni ya kila mwezi anapofikia umri wa kustaafu, sharti awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni miaka 60.

Je, mtumishi huchagua fedha hiyo iwekezwe wapi? La. Huo ni uamuzi wa Bodi ya Wadhamini, ambamo Serikali, waajiri na wafanyakazi wana wawakilishi wao. Wadhamini huiweka fedha katika hati fungani za Serikali, amana za benki, hisa, majumba na miradi. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, limejengwa kwa fedha ya Serikali pamoja na ya NSSF. Huko huko Kigamboni upo pia mradi mkubwa wa nyumba wa Dege, ambao NSSF iliingia ubia kuujenga na ambao ujenzi wake ulisimama mwaka 2016 kabla nyumba hazijakamilika. Mwanachama wa mfuko hakupiga kura juu ya daraja wala juu ya nyumba. Faraja yake ni kwamba pensheni yake hukokotolewa kwa kanuni iliyo katika sheria, kwa kutazama mshahara na miezi aliyochangia, wala si kwa kutazama mradi mmoja mmoja ulivyofaulu au ulivyoshindwa.

Hata kanuni hiyo nayo hubadilika. Kanuni za mwaka 2018 zilizoweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 25 zilileta malalamiko makubwa, na Rais John Magufuli alizisitisha mwezi Desemba mwaka huo huo. Kuanzia Julai 2022 mkupuo uliwekwa kuwa asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya mwaka 2024/2025 ikaupandisha kuwa asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50 hapo zamani, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Funzo lake ni hili: anayepanga kujenga nyumba kwa fedha ya mkupuo anapanga kwa kitu ambacho kipimo chake hakikishiki yeye. Kwa hiyo mtumishi mwenye busara huanza kujenga mapema kwa fedha nyingine, na pensheni huiacha iwe posho ya kila mwezi.

Jambo la kwanza: mchango ufike

Kabla ya kuzungumza juu ya uchaguzi wowote, lipo jambo lililo chini ya mikono ya makatibu wenyewe. Uwekezaji ulio bora kuliko wote haumfai kitu mtumishi ambaye mchango wake haukupelekwa.

Chama kikiwa na watumishi wawili au watatu, na bei ya mazao ikiwa mbaya, kitu rahisi kuliko vyote ni kuuacha mchango wa mwezi huu ulipwe mwezi ujao. Mwezi ujao nao huleta shida zake. Hatimaye mtumishi aliyefanya kazi miaka 17 hufika ofisi ya NSSF mjini Singida akakuta miezi 112 tu ndiyo imeandikwa. Kwake yeye miezi 68 iliyokosekana ndiyo tofauti kati ya pensheni ya kila mwezi hadi kufa na malipo ya mara moja yanayokwisha kabla ya masika ya pili. Si kwamba hakufanya kazi. Alifanya, na pengine alikatwa. Fedha yake ilinunua magunia na mafuta ya gari.

Kwa hiyo kila katibu na afanye mambo matatu. Kwanza, mchango wa watumishi uandikwe katika makisio ya mwaka yanayopelekwa mbele ya mkutano mkuu, usiachwe utegemee faida. Pili, stakabadhi ya kila mwezi ihifadhiwe katika jalada la mtumishi, na mtumishi aonyeshwe. Tatu, angalau mara moja kwa mwaka kila mtumishi aombe taarifa ya michango yake na kuilinganisha na hati za mshahara. Pengo la mwezi mmoja likionekana mapema huzibwa kwa barua moja. Pengo la miaka mitano hutafutiwa mashahidi ambao wengine wamekwisha kufa.

Aidha, majina ya wategemezi yasahihishwe. Aliyejiandikisha akiwa kijana huenda alimwandika mama yake mzazi. Leo ana mke na watoto wanne, na mama alikwisha fariki. Mauti hayangoji mtu arudi ofisini.

Jinsi watu wanavyochagua

Sasa juu ya sehemu ya hiari, yaani ile fedha ambayo mtumishi huiweka mwenyewe juu ya ile ya lazima. Katika nchi nyingine, hasa Marekani, waajiri wengi huwapa wafanyakazi orodha ya mahali pa kuwekeza akiba yao ya uzeeni, na kila mmoja huchagua mwenyewe. Wataalamu wamechunguza kwa miaka mingi watu hao huchaguaje, na matokeo yao yana faida hata kwa mtu wa Mtinko au Itigi, maana moyo wa binadamu ni ule ule.

Waliloona kwanza ni kwamba watu wengi hawachagui kabisa. Uchunguzi wa Madrian na Shea, uliotolewa mwaka 2001, ulihusu kampuni moja iliyoanza kuwaandikisha wafanyakazi wapya moja kwa moja, isipokuwa yule aliyekataa. Idadi ya wenye akiba iliongezeka sana. Lakini wengi wao walibaki pale pale walipowekwa na mwajiri, kwa mchango ule ule mdogo wa asilimia 3 na katika mfuko ule ule wa faida ndogo, kana kwamba mwajiri amewashauri. Hakuwashauri, aliweka tu mahali pa kuanzia.

Jambo la pili ni kwamba wingi wa orodha humchanganya mtu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2004 na Iyengar na wenzake, juu ya wafanyakazi wapatao laki nane, ulionyesha kuwa kila orodha ilipoongezwa mifuko 10, waliojiunga walipungua kwa kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2. Mtu akionyeshwa njia nyingi mno husema atafikiri kesho, na kesho hiyo haifiki.

La tatu, baadhi ya walioamua kuchagua waligawa fedha yao sawasawa kwa kila kilichomo katika orodha, bila kutazama kilichomo ni nini. Benartzi na Thaler walilieleza hilo mwaka 2001. Ni sawa na mkulima anayegawa shamba lake mafungu sawa kwa kila mbegu iliyopo dukani, bila kuuliza ipi huvumilia ukame.

Jambo la nne, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba wengi waliweka akiba yao katika hisa za kampuni ile ile iliyowaajiri. Waliiona wanaijua, na wakaiona imara. Kampuni ya Enron ya Marekani ni mfano unaokumbukwa. Mwanzoni mwa mwaka 2001 hisa yake moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 80, na zaidi ya nusu ya akiba ya uzeeni ya wafanyakazi katika mpango wa kampuni ilikuwa ni hisa hizo. Kufikia mwisho wa mwaka huo kampuni ilikuwa imefilisika na hisa haikufikia hata dola moja. Mfanyakazi alipoteza mshahara na akiba ya uzeeni katika msimu mmoja.

Kapu moja la Singida

Msikilizaji aweza kusema kwamba hayo ni ya Wamarekani. Lakini na itazamwe hali ya mtumishi wa kawaida wa chama cha msingi katika mkoa huu. Mshahara wake hutoka katika ushuru ambao chama hupata kwa kila kilo ya zao. Hisa zake zimo katika chama hicho hicho. Akiba yake imo katika SACCOS ambayo wanachama wake ni wakulima wale wale wa zao lile lile. Malimbikizo ya mshahara wake anakidai chama, naye huyahesabu kuwa ni akiba. Na siku za mapumziko hulima ekari zake tano, za alizeti.

Huyu mtu anadhani ameweka mali yake mahali patano. Kwa kweli ameiweka mahali pamoja. Katika msimu wa 2022/2023, baada ya ushuru wa mafuta ya kula yatokayo nje kupunguzwa, bei ya alizeti ilianguka katika mikoa ya Singida na Dodoma. Bei ilipoanguka, mkulima alipeleka magunia machache chamani, ushuru wa chama ukapungua, mshahara wa mtumishi ukachelewa, wakopaji wa SACCOS wakashindwa kurejesha, na alizeti yake mwenyewe ikalala stoo. Ilikuwa pigo moja, nalo likapiga milango mitano.

Tena historia ya ushirika yenyewe inatoa onyo lililo kubwa kuliko la bei. Mwezi Mei 1976 Serikali ilivivunja vyama vya ushirika na vyama vikuu nchini, na kazi zao zikapewa vijiji na mamlaka za mazao. Ilichukua hadi mwaka 1982 kwa sheria mpya kuvirudisha. Mtumishi aliyekuwa ameweka kila senti yake ndani ya chama aliamka akakuta chama hakipo. Yule aliyekuwa na michango yake NPF, michango hiyo ilibaki pale ilipo.

Hapana anayesema kwamba mtumishi asiwe mwanachama, wala asinunue hisa, wala asiweke akiba katika SACCOS. Hayo ni wajibu wake, na SACCOS humpa kitu ambacho mahali pengine hapana, yaani mkopo wa karo na wa pembejeo kwa dhamana ya akiba yake na ya jirani zake. Linalosemwa ni kwamba hisa na akiba hizo ni za kumfaa angali anafanya kazi. Akiba ya kumfaa siku chama hakipo, au siku yeye hayupo chamani, iwe na mlango mwingine.

Milango iliyopo

Milango hiyo si mingi kiasi cha kumchanganya mtu, nayo yaweza kuelezwa kwa maneno machache.

Wa kwanza ni amana ya muda maalumu katika benki. Riba yake hujulikana tangu siku ya kwanza, na amana za benki hulindwa na Bodi ya Bima ya Amana hadi kiwango kilichowekwa. Upungufu wake ni kwamba riba ya fedha kidogo huwa ndogo.

Wa pili ni vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mfuko wa Umoja ulianzishwa mwaka 2005, na baada yake imefuata mingine inayosimamiwa na UTT AMIS, kama vile Mfuko wa Jikimu, Mfuko wa Ukwasi na Mfuko wa Hati Fungani. Fedha ya watu wengi hukusanywa, wataalamu wakanunua hati fungani, hisa na amana, na kila mtu akawa na vipande kwa kadiri ya alichotoa. Mwenye fedha ndogo huweza kuanza, na akihitaji huuza vipande vyake kwa mfuko wenyewe. Lakini thamani ya kipande haina ahadi: mifuko yenye hisa hupanda na kushuka kuliko ile ya hati fungani na amana.

Wa tatu ni hati fungani za Serikali, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu kupitia benki na madalali walioruhusiwa, kuanzia shilingi milioni moja. Serikali hulipa riba mara mbili kwa mwaka, na mtaji hurudi muda ukitimia. Zipo za miaka miwili hadi miaka 25. Hapa umri wa mnunuzi ni jambo kubwa. Mtu wa miaka 30 akinunua ya miaka 25 hupata mtaji wake akiwa na miaka 55. Mtu wa miaka 55 akinunua hiyo hiyo hupata mtaji akiwa na miaka 80. Akiutaka kabla, itambidi aiuze sokoni kwa bei ya siku hiyo, ambayo yaweza kuwa chini ya aliyonunulia.

Wa nne ni hisa za makampuni katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998. Mwaka 2009 hisa za benki ya CRDB, benki ambayo jina lake la zamani lilikuwa Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini, ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150 kila moja. Walionunua na kutulia miaka mingi walipata faida. Waliouza kwa hofu katika miaka ya katikati hawakuipata. Hisa ni mlango wa mwenye miaka mingi mbele yake na asiyehitaji fedha hiyo kesho.

Wa tano ni mifugo na ardhi. Wazee wa Unyaturu na Unyiramba hawakungoja benki. Ng'ombe alikuwa akiba, bima na mahari. Ng'ombe huzaa, na kupanda kwa bei za vitu hakumli. Lakini ukame na ugonjwa humla, naye anataka mchungaji, na mzee wa miaka 70 hachungi. Afaa kuwa sehemu ya akiba, lakini hafai kuwa akiba yote.

Upo na mlango wa sita, usiofaa kufunguliwa kabisa: ule unaoahidi faida kubwa kwa siku chache bila kueleza faida hiyo inazalishwa na nini. Mwaka 2009 Serikali iliufunga mchezo wa DECI, ambamo maelfu ya watu nchini walikuwa "wakipanda mbegu" ya fedha wakingoja kuvuna. Waliovuna walivuna fedha ya waliopanda nyuma yao. Mbegu ya namna hiyo hurudi kila baada ya miaka michache kwa jina jipya, na siku hizi huja kwa simu.

Maswali manne

Mtumishi anapoelezwa juu ya mahali popote pa kuweka akiba, na aulize maswali manne, asitie sahihi mpaka yajibiwe.

Swali la kwanza: Nani anasimamia, na nani anamsimamia yeye? SACCOS iwe na leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kama inavyotakiwa chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mfuko wa vipande uwe umeidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Asiye na leseni ya kuonyesha hana ghala la kutunza mali ya mtu.

Swali la pili: Fedha hii itahitajika lini? Karo ya Januari isiwekwe katika hisa, na fedha ya baada ya miaka 20 isilale katika akaunti ya kawaida ya benki.

Swali la tatu: Faida yake ikilinganishwa na kupanda kwa bei za vitu ikoje? Waliochangia NPF wanalikumbuka hili kwa uchungu. Katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei zilipanda kwa kiasi cha asilimia 30 kila mwaka. Kwa mwendo huo shilingi 100 iliyohifadhiwa miaka 10 bila faida hubaki na nguvu ya kununua kitu cha shilingi 7. Hata bei zikipanda kwa asilimia 5 tu kwa mwaka, shilingi milioni moja iliyofichwa miaka 20 hununua kitu ambacho leo ni cha shilingi 377,000. Mchwa wa namna hii hana sauti, naye hula ndani ya gunia lililoshonwa vizuri.

Swali la nne: Gharama ni kiasi gani? Ada ya asilimia 2 kwa mwaka husikika kuwa ndogo. Na ifanywe hesabu, ambayo ni mfano na si ahadi ya mtu yeyote. Anayeweka shilingi 20,000 kila mwezi kwa miaka 20 hutoa mfukoni shilingi 4,800,000. Faida ikiwa asilimia 10 kwa mwaka na yote ikarudishwa humo, atakuta kiasi cha shilingi milioni 15.2. Ada ya asilimia 2 ikiondolewa, faida ikabaki asilimia 8, atakuta milioni 11.8. Ile asilimia 2 ndogo imekula milioni 3.4.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha na jambo jingine lenye kumhusu kijana. Anayeanza na miaka 25 akaweka shilingi 20,000 kila mwezi hadi miaka 60 hutoa jumla ya milioni 8.4. Anayeanza na miaka 40, akaona amechelewa na kuweka 40,000 kila mwezi, hutoa milioni 9.6. Kwa faida ile ile ya asilimia 10, wa kwanza hukuta karibu milioni 76, na wa pili milioni 30. Aliyechelewa ametoa nyingi zaidi, akapata chini ya nusu. Alizeti iliyopandwa mvua za kwanza na ile iliyopandwa Machi hutoka katika mfuko mmoja wa mbegu, lakini kila mkulima wa mkoa huu anajua ipi itajaza gunia.

Wajibu wa chama

Haitoshi kumwachia mtumishi mmoja mmoja mzigo huu. Uchunguzi uliokwisha kutajwa umeonyesha kwamba watu hubaki pale wanapowekwa. Basi chama na kiwaweke mahali pema.

Bodi ya chama yaweza kupendekeza, na mkutano mkuu ukakubali, kwamba mtumishi anapoajiriwa apewe fomu moja ya akiba ya hiari pamoja na barua ya ajira. Akikubali, makato yaanze mshahara wa kwanza, kabla hajazoea kuitumia fedha hiyo. Milango atakayoonyeshwa isizidi miwili au mitatu, na mmoja wapo uwe nje ya zao la chama. Mshahara ukiongezwa, sehemu ya nyongeza iende katika akiba. Karani wa msimu, anayefanya kazi miezi minne tu kwa mwaka, asisahauliwe. Wala mkulima mwanachama asisahauliwe, kwa kuwa NSSF hupokea pia michango ya waliojiajiri, na mkulima ni mtu aliyejiajiri.

Jambo moja katibu asilifanye kamwe: asiwe wakala wa mahali pa kuwekeza kwa malipo ya kamisheni, huku akiwashauri watumishi walio chini yake. Mshauri anayelipwa na muuzaji si mshauri. Kazi ya katibu ni kueleza, kuandika, kupeleka fedha ilikoamriwa na mwenyewe, na kuonyesha stakabadhi.

Ndugu Makatibu, Ndugu Wanachama,

Chama cha ushirika kilianzishwa ili mkulima asiuze jasho lake kwa bei ya mnyonge. Itakuwa aibu kwa chama hicho ikiwa mtu aliyekipimia mazao miaka 30 ataonekana uzeeni amekaa barazani kwa jirani akingoja kualikwa chakula. Wakati wa kulizuia hilo ni mwisho wa mwezi huu, mshahara unapoandikwa: mchango wa lazima upelekwe wote, na mtumishi aulizwe kiasi gani cha hiari kiandikwe juu yake. Kikiandikwa kidogo, kiandikwe; mwezi unaofuata kitaongezwa.